Kusoma Tanzia za Kale kwa Jicho la Falsafa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu tanzia za jukwaani za Ugiriki ya karne ya 5 KK, pamoja na chache za Shakespeare na za Afrika zinazojibizana nazo. Yamekusudiwa wanafunzi wa fasihi na wasomaji wengine waliokwisha kuonja tamthilia moja au mbili, na ambao sasa wanataka kujua wanafalsafa waliona nini humo. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Kusoma tanzia kifalsafa maana yake ni nini?

Si kuwinda misemo mizito iliyotawanyika katika mazungumzo ya wahusika, wala si kutafuta funzo la kuhitimishia insha. Ni kulifuata swali ambalo mtunzi amelibana ndani ya tendo moja mpaka likakosa pa kutokea. Je, mtu anawajibika kwa jambo alilolitenda bila kujua? Afanye nini pale ambapo kila njia iliyo mbele yake ina dhambi ndani yake? Je, maisha mema yamo mikononi mwa mtu mwenyewe, au yanaweza kuporwa na ajali hata kama hakukosea lolote? Mwanafalsafa huyauliza maswali hayo kwa hoja, na kwa mifano mifupi aliyoichonga mwenyewe ili imfae. Mtunzi wa tanzia huyauliza kwa kumsimamisha mbele yetu mtu mwenye jina, ndugu, hasira na historia, kisha akamnyima muda wa kufikiri.

Msimamo unaoongoza majibu haya ni kwamba kazi hiyo huenda pande mbili. Nadharia hutuonyesha mambo ambayo tungeyapita bila kuyaona, lakini tamthilia nayo huipima nadharia, na si mara chache nadharia ndiyo hupwaya. Aristotle, Hegel na Nietzsche walizisoma kwa sehemu kubwa tanzia zilezile, na kila mmoja aliondoka na kile alichokihitaji kwa ajili ya mfumo wake wa fikra. Msomaji makini huangalia pia walichokiacha nyuma.

Je, ni lazima nisome falsafa kwanza?

Hapana, na ni afadhali usifanye hivyo. Soma tamthilia yenyewe mara mbili, ikiwezekana mara moja kwa sauti, ndipo umfungue mwanafalsafa. Anayeanza na Hegel huiona Antigone ya Hegel tu, na huwa vigumu baadaye kuiona ile ya Sophocles, mtunzi wake.

Tanzia hizi zilichezwa wapi, na jambo hilo lina uzito gani kwa falsafa?

Nyingi kati ya zile tulizo nazo zilichezwa Athens katika sikukuu ya mungu Dionysus, majira ya kuchipua, kwenye ukumbi wa wazi uliokuwa upande wa kusini wa mlima wa Akropoli. Watunzi watatu walishindana, kila mmoja akileta tanzia tatu na mchezo mmoja wa mzaha. Waigizaji wote walikuwa wanaume waliovaa vinyago, na waliosema hawakuzidi watatu kwa wakati mmoja. Kando yao ilikuwapo korasi, kundi lililoimba na kucheza ngoma. Ilikuwa shughuli ya dola. Kodi zilizoletwa na miji washirika zilionyeshwa mbele ya watu, na vijana ambao baba zao walifia vitani walipitishwa ukumbini wakiwa wamevaa silaha.

Uzito wake ni huu: mji uliokuwa ukijisifu asubuhi kwa nguvu zake uliketi kutazama nguvu zikivunjika. Mwaka 472 KK, miaka minane tu baada ya ushindi wa Salamis, Aeschylus aliwaonyesha Waathene kilio cha Waajemi walioshindwa, bila dhihaka. Mwaka 415 KK, muda mfupi baada ya Athens kuwaua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwauza utumwani wanawake na watoto wao, Euripides aliwaletea jukwaani wanawake wa Troya wakigawanywa kama nyara. Maswali ya sheria, vita na hadhi ya mgeni hayakuulizwa darasani bali mbele ya watu walewale waliopiga kura ya kwenda vitani.

Kwa nini basi Plato alizipiga vita tanzia?

Plato hakuwa mgeni wa sanaa hiyo. Masimulizi ya kale yaliyohifadhiwa na Diogenes Laertius yanadai kwamba ujanani alitunga tanzia, akazichoma moto baada ya kumsikiliza Socrates. Iwe kweli au la, maandiko yake mengi yamejengwa kwa mazungumzo ya wahusika, na yale yanayohusu kifo cha Socrates yanakaribia sana jukwaa.

Katika kitabu chake cha Jamhuri analeta lawama kadhaa. Watunzi huwaonyesha miungu kuwa chanzo cha maovu na mashujaa wakigaagaa kwa kilio, na vijana huiga wanachokiona. Katika kitabu cha 10 anaongeza lawama iliyo nzito zaidi, kwamba tunapofurahia kumlilia mtu wa jukwaani tunailisha ile sehemu ya nafsi ambayo tungepaswa kuifunza kunyamaza pale msiba unapotufika wenyewe.

Hata hivyo, kiini cha ugomvi hakimo katika machozi. Katika utetezi wake mbele ya mahakama, kama Plato anavyousimulia, Socrates anasema kwamba mtu mwema hawezi kupatwa na ubaya, akiwa hai wala akiwa amekufa. Ukiikubali kauli hiyo, tanzia nzima inakuwa kosa la kufikiri. Hecuba, malkia wa Troya aliyepoteza mume, watoto na mji, hajapoteza chochote cha maana maadamu nafsi yake haijachafuka. Plato aliona wazi kwamba kauli ya mwalimu wake na kilio cha Hecuba haviwezi kuwa kweli kwa pamoja, akachagua. Mtu anaweza kumpinga, lakini hawezi kumlaumu kwamba hakuuelewa ukumbi wa michezo. Huenda aliuelewa kuliko wengi waliousifu. Tena aliuacha mlango wazi, kwa kusema kwamba watetezi wa ushairi wakiweza kuonyesha kwamba una faida kwa miji na kwa maisha ya watu, pamoja na utamu wake, watasikilizwa kwa furaha.

Aristotle alimjibu vipi?

Kitabu chake kifupi cha Ushairi kinaweza kusomwa kama kuupokea mwaliko huo, ingawa jina la Plato halitajwi katika hoja hizo. Kwa Aristotle, tanzia ni mwigo wa tendo zito na kamili, na sehemu zake ni sita: msuko wa matukio, tabia za wahusika, fikra, lugha, wimbo na mandhari. Msuko ndio roho ya tanzia. Ushairi, anasema, una falsafa zaidi kuliko historia, kwa sababu historia husimulia lililotokea ilhali ushairi huonyesha aina ya mambo ambayo mtu wa namna fulani angeyasema au kuyatenda, kwa uwezekano au kwa ulazima. Kwa hiyo hisia zetu ukumbini si upumbavu. Tunamhurumia asiyestahili na tunaogopa kwa ajili ya anayefanana nasi, na ili tuhurumie na kuogopa ipasavyo lazima kwanza tuwe tumeelewa.

Katika maadili pia alikataa kumfuata Socrates mpaka mwisho. Akimtaja Priam, mfalme wa Troya, anasema kwamba mtu mwema hatakuwa duni kamwe, lakini aliyepatwa na masaibu kama ya Priam hawezi kuitwa mwenye heri. Nafasi ndogo iliyo kati ya "duni" na "mwenye heri" ndiyo nafasi ambamo tanzia huishi.

Ama kuhusu utakaso wa hisia, ile katharsisi iliyoandikiwa kurasa zisizohesabika, Aristotle anaitaja katika fasili yake ya tanzia bila kuifafanua. Jacob Bernays, mwaka 1857, aliieleza kwa njia ya kitabibu, kama mwili unavyotolewa kilichozidi. Wengine wamesema ni kusafisha hisia ili zielekee panapostahili. Mwanafalsafa Martha Nussbaum, miongoni mwa wengine, ameiona kuwa ni kupata uwazi. Maelezo haya ya mwisho ndiyo yanayopatana zaidi na kitabu kizima, kwa kuwa Aristotle anarudi tena na tena kwenye raha ya kujifunza na kutambua, ilhali ndani ya kitabu hicho hasemi lolote kuhusu kutibu.

Je, hamartia ni dosari katika tabia ya shujaa?

Hivyo ndivyo neno hili la Aristotle, lenye maana ya kosa, linavyofundishwa mara nyingi, na hilo ndilo fundisho linaloharibu insha nyingi kuliko lingine lolote. Mwanafunzi huambiwa kwamba kila shujaa ana kasoro moja, basi huandika "kiburi" kwa Oedipus, "tamaa" kwa Macbeth, "wivu" kwa Othello, na kazi inakuwa imekwisha kabla haijaanza.

Katika sura ya 13 Aristotle anasema kwamba mtu anayefaa kwa tanzia ni yule asiyepita wengine kwa wema na haki, ambaye huanguka si kwa uovu wake bali kwa hamartia fulani. Katika kitabu cha 5 cha Maadili anatenganisha mambo matatu: bahati mbaya, ambapo dhara limetokea pasipo kutarajiwa, kosa, ambapo lingeweza kutarajiwa lakini halikukusudiwa, na dhuluma, ambapo mtu ametenda akijua. Hamartia ya tanzia inakaa karibu na lile la kati: kutenda bila kuyajua mambo ambayo, lau angeyajua, mtu asingetenda.

Mtazame Oedipus wa Sophocles. Ana hasira za haraka, ni kweli, na anamtukana Tiresias nabii kipofu kwa maneno mabaya. Lakini si hasira iliyomfanya amwoe mama yake. Kinachomwangusha ndani ya tamthilia ni sifa zake njema: anawapenda watu wa Thebes waliovamiwa na tauni, ana akili, hawezi kuvumilia uongo, na anaendelea kuuliza hata pale Jocasta, mkewe aliye pia mama yake na aliyekwisha kutambua, anapomsihi aache. Msomaji anayeng'ang'ania kutafuta dosari hujifariji kwamba yeye, kwa kuwa hana dosari hiyo, yuko salama. Hiyo ndiyo faraja ambayo tamthilia inamnyang'anya.

Kama kila kitu kilikwisha kutabiriwa, Oedipus ana hatia gani?

Inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo swali hili limeyaunganisha. La kwanza ni kama alikuwa huru. La pili ni kama anawajibika.

Kuhusu uhuru, utabiri ulisema atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Haukusema atayachunguza mambo hayo wala atajitoboa macho. Yale yaliyotabiriwa yametendeka miaka mingi kabla ya pazia, tuseme hivyo ingawa ukumbi ule haukuwa na pazia. Tunachokitazama jukwaani ni uchunguzi, na uchunguzi ni wake mwenyewe. Baada ya kujitoboa macho, korasi inamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma, naye anajibu kwamba Apollo ndiye aliyeyatimiza mateso yake, lakini mkono uliopiga ulikuwa wake na si wa mwingine. Katika jibu hilo moja anampa mungu sehemu yake na kujitwalia sehemu yake, bila kuona kwamba moja inaifuta nyingine. Wanafalsafa wengi wa baadaye wamedhani lazima tuchague.

Kuhusu uwajibikaji, mtu wa sheria angemwachilia huru upesi. Sophocles mwenyewe aliliona hilo, maana katika tamthilia ya uzeeni mwake, Oedipus huko Colonus, iliyochezwa mwaka 401 KK yeye akiwa ameshafariki, mzee huyo anajitetea kwa hoja za mahakamani: hakujua, alishambuliwa njiani akajikinga, na ndoa ile alipewa na mji. Hoja zote ni sahihi. Lakini yule wa tamthilia ya kwanza hakuzitaja hata moja, wala hatumwoni kuwa mwendawazimu kwa kutozitaja.

Mwanafalsafa Bernard Williams alilipa jambo hili jina katika insha yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati katika maadili. Alimfikiria dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote lake. Watu watamwambia asijilaumu, na watakuwa sahihi. Ila tungemshangaa, na hata kumwogopa, kama angepokea maneno hayo mara moja na kuendelea na safari kama mtazamaji mwingine yeyote. Kuna majuto yanayomhusu mtendaji peke yake, yasiyo hatia wala si huzuni ya kawaida. Katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu aibu na ulazima, Williams alirudi kwa Oedipus na kusema kwamba katika hadithi ya maisha ya mtu kuna mamlaka yanayotokana na alichokitenda, si tu na alichokikusudia. Nadharia ya maadili inayopima nia pekee haina pa kumweka Oedipus, na hilo linapaswa kuisumbua nadharia zaidi kuliko kumsumbua Sophocles.

Mimi ni muumini. Je, ajali ya Wagiriki ni sawa na kudra?

Si sawa, na kuzichanganya kunapotosha pande zote mbili. Miungu ya Wagiriki haikuumba ulimwengu kutoka katika utupu, haikuahidi uadilifu, tena yenyewe hugombana. Unajisi unaomfuata Oedipus unaambatana na tendo na haujali nia. Ndio ulioleta tauni juu ya watu wasiohusika na kifo cha Laius, baba yake. Msomaji Mwislamu aliyelelewa na Hadithi kwamba matendo huzingatiwa nia ataiona tofauti hiyo mara moja, na Mkristo aliyezoea toba na msamaha vivyo hivyo.

Mhakiki George Steiner, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu kifo cha tanzia, alidai kwamba imani zenye tumaini la haki ya mwisho haziachi nafasi kwa tanzia kamili. Hata Ayubu, alisema, alirudishiwa alichopoteza. Dai hilo ni kali mno. Watoto wa Ayubu waliokufa hawakurudi, walizaliwa wengine, na msomaji yeyote mzazi huliona pengo hilo. Anayeamini kwamba hesabu itafanywa kesho bado anapaswa kuishi na leo ambayo haijafanyiwa hesabu.

Hegel alisema nini kuhusu Antigone, na je, alikuwa sahihi?

Kisa ni hiki. Ndugu wawili wameuana wakigombea Thebes. Creon, mtawala mpya na mjomba wao, anaamuru Eteocles azikwe kwa heshima, na Polyneices, aliyeleta jeshi la kigeni, aachwe nje aliwe na mbwa na ndege. Antigone anamzika kaka yake kwa kurejelea sheria za miungu ambazo hazikuandikwa. Anafungiwa hai pangoni na kujinyonga. Mchumba wake Haemon, mwana wa Creon, anajiua, na mama yake Haemon anamfuata.

Hegel, katika kitabu chake cha mwaka 1807 na baadaye katika mihadhara yake juu ya sanaa, aliona hapa mfano bora wa mgongano kati ya haki na haki. Antigone anasimamia familia na wafu, Creon anasimamia dola na walio hai. Kila upande ni halali, na kila mmoja ana hatia kwa sababu unaukana ule mwingine. Huo ni usomaji wenye nguvu, kwa kuwa unatuokoa na tabia ya kugawa wahusika kuwa wema na wabaya, na unaeleza kwa nini msiba huu hauwezi kutatuliwa kwa kumwondoa mtu mmoja mwovu.

Lakini rudi kwenye tamthilia. Haemon anamwambia baba yake kwamba mji mzima unanong'ona kumtetea msichana huyo. Tiresias anatangaza kwamba madhabahu zimechafuka kwa mabaki ya maiti na miungu haipokei tena sadaka. Creon mwenyewe anabadili uamuzi, akachelewa. Antigone hapewi adhabu ya namna hiyo na nabii yeyote. Mizani haikukaa sawa kama Hegel alivyotaka, hata ikiwa ni kweli kwamba Antigone naye ni mkali mno, hasa kwa dada yake Ismene ambaye kosa lake ni woga tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu wepesi wa wema kuvunjika, Nussbaum anaisogeza hoja mahali pazuri zaidi: wote wawili wamepunguza ulimwengu ili wasione mgongano. Kwa Creon, aliye adui wa mji si ndugu tena. Kwa Antigone, wajibu kwa wafu ndio wajibu pekee. Tunachojifunza hatukipati kwa mmoja wao, tunakipata kwa kuona kilichokatwa na kila mmoja.

Tena kuna mistari inayomsumbua kila mwenye mfumo. Karibu na kifo, Antigone anasema kwamba asingeivunja amri hiyo kwa ajili ya mume wala mtoto, kwa kuwa hao huweza kupatikana wengine, ilhali wazazi wakishakufa kaka mwingine hazaliwi. Je, sheria ya milele ya miungu inahusu kaka tu? Goethe alitamani mtaalamu athibitishe kwamba mistari hiyo ilipachikwa na mtu mwingine; Aristotle, aliyeishi karibu zaidi na Sophocles, aliinukuu bila shaka yoyote. Mimi ningeiacha ilipo. Mtu anayekwenda kufa hatoi hoja za chuoni.

Jambo moja zaidi lafaa kutajwa. Nelson Mandela anasimulia katika tawasifu yake kwamba wafungwa wa Robben Island waliiigiza tamthilia hii, naye akacheza nafasi ya Creon. Mfungwa aliyevunja sheria dhalimu alijifunza maneno ya mtunga amri, na alichokiona humo ni kwamba kiongozi hupimwa kwa uwezo wa kuchanganya haki na huruma.

Je, mtu anaweza kujua ubaya na bado akautenda?

Katika mazungumzo yanayoitwa Protagoras, Socrates anasema hapana: atendaye ubaya hajui. Medea wa Euripides, mwaka 431 KK, kabla ya kuwaua wanawe ili kumuumiza mume aliyemwacha, anasema kwamba anajua ubaya anaoukusudia, ila ghadhabu yake ina nguvu kuliko mashauri yake. Baadhi ya wahariri wanatilia shaka mistari inayozunguka kauli hiyo, lakini wanafalsafa wa kale walishughulika nayo kwa karne kadhaa. Chrysippus wa madhehebu ya Stoa alinukuu sehemu kubwa mno ya tamthilia hiyo katika moja ya maandiko yake, hata msomaji mmoja, alipoulizwa ameshika kitabu gani, akajibu: "Medea ya Chrysippus." Majaji wa Athens, kwa upande wao, waliipa tamthilia hii pamoja na zilizoambatana nayo nafasi ya tatu, yaani ya mwisho.

Nietzsche ana faida gani kwa msomaji wa leo?

Faida yake kubwa ni korasi. Katika kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1872, alieleza tanzia kuwa muungano wa nguvu mbili, ile ya Apollo yenye umbo, mwanga na mipaka, na ile ya Dionysus yenye ulevi, muziki na kupotea kwa nafsi ya mtu mmoja katika umati. Wasomaji wengi huziruka nyimbo za korasi ili wafike kwenye mazungumzo, na Nietzsche anatukumbusha kwamba tanzia ilichipuka kutoka kwenye nyimbo hizo. Pale anapomlaumu Euripides kwamba, akishirikiana na Socrates, aliiua tanzia kwa kupenda hoja mno, huhitaji kumwamini. Mwandishi wa Wabakae, tamthilia iliyochezwa mwaka 405 KK ambamo mama aliyelewa nguvu za Dionysus anamrarua mwanawe, hakuhitaji kufundishwa habari za Dionysus na mtu yeyote.

Kwa nini tunapata raha kwa kutazama mateso?

David Hume aliliuliza hili mwaka 1757, akajibu kwamba ufasaha na ustadi wa mtunzi huigeuza nguvu ya huzuni kuwa raha. Jibu hilo linaeleza kwa nini maombolezo yaliyotungwa vizuri hutuvuta, lakini halielezi kwa nini baadhi ya tanzia hazitupi raha yoyote na bado tunazirudia. Samuel Johnson, mhariri wa tamthilia za Shakespeare, aliandika kwamba kifo cha Cordelia, binti wa Mfalme Lear, kilimshtua mno hata hakuthubutu kusoma tena mwisho wa tamthilia hiyo mpaka kazi ya uhariri ilipomlazimu. Kuanzia mwaka 1681, kwa zaidi ya karne moja, majukwaa ya Uingereza yalitumia toleo la Nahum Tate ambamo Cordelia hafi bali anaolewa. Watu hao hawakuwa wajinga. Waliona kwamba Shakespeare alikuwa ameondoa kitu ambacho hakuna ufasaha unaoweza kukirudisha, na wakachagua kutokitazama.

Je, nadharia za Aristotle zinafaa kwa Shakespeare?

Kwa sehemu. Afadhali kumsoma pamoja na mwanafalsafa Stanley Cavell, ambaye katika insha zake aliona kwamba kinachowaangamiza mashujaa hawa ni kukataa kukijua wanachokijua. Othello hakosi ushahidi wa uaminifu wa Desdemona. Anachoshindwa kukivumilia ni kwamba mkewe ni mtu mwingine kamili, asiyeweza kumilikiwa kwa ushahidi. Kwa Cavell, kudai uthibitisho pale panapohitajika kukiri ndiyo shaka ya wanafalsafa ikiwa imevaa nguo za jukwaani.

Tanzia za Afrika zinaingia wapi katika mjadala huu?

Zinaingia kama wasomaji wenye hoja zao, si kama mifano ya kuthibitisha Wagiriki. Ola Rotimi alipokihamishia kisa cha Oedipus katika nchi ya Wayoruba mwaka 1968, aliipa tamthilia jina linalosema kwamba miungu haina lawama, na hivyo akachukua upande katika swali ambalo Sophocles aliliacha wazi.

Kwa Kiswahili, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ndiyo inayostahili kusomwa kando ya Antigone. Inahusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Kinjeketile ameleta neno la maji yanayowaunganisha watu. Neno hilo linakua mpaka linamzidi yeye aliyelizaa, na watu wanaingia vitani kabla yeye hajawa tayari. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akikana, atakuwa amesema kweli kuhusu maji, lakini watoto wa kesho wataambiwa kwamba kupigania haki kulikuwa uongo pia. Anakataa. Hapa hakuna haki mbili zinazogongana kati ya watu wawili kama kwa Hegel, kwa sababu ukweli mmoja unagongana na mwingine ndani ya neno moja. Tena hakuna hamartia inayoweza kuonyeshwa kwa kidole, maana uongo na ukombozi vimetoka katika kinywa kimoja siku moja. Nimeona uchambuzi mwingi ukiishia kuuliza kama Kinjeketile alikuwa mkweli au tapeli, na swali hilo ndilo tamthilia imelikataa kwa makusudi.

Nianze na kitabu kipi?

Anza na Mfalme Oedipus, kisha Antigone, kisha Medea. Baada ya hapo jipe muda kwa tanzia tatu za Aeschylus za mwaka 458 KK, zinazoanza na Agamemnon; ni ngumu, lakini korasi yake inayosema kwamba mwanadamu hujifunza kwa kuteseka haina mfano. Kwa Shakespeare, tafsiri ya Juliasi Kaizari ya Julius Nyerere, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, na Makbeth ya S. S. Mushi, ya mwaka 1968, hupatikana katika baadhi ya maktaba. Upande wa falsafa, Ushairi wa Aristotle unatosha kwa kuanzia. Sura ya 6 hadi ya 14 ndizo zinazoshughulika na tanzia kwa karibu. Sura za 20 na 21, zinazohusu herufi, silabi na aina za majina, unaweza kuziruka.